Watoto 70 wa Pemba, watoto 19 wa Unguja: lini kingatiba ya matende isimamishwe?

Januari 2012 wapimaji walizunguka katika skuli za Unguja na Pemba, wakiwatoboa watoto vidole na kudondosha damu kwenye vijikadi vya kupimia. Watoto 3,275 walipimwa. Ilikuwa miaka sita tangu Zanzibar iache kingatiba, yaani kuwagawia wananchi wote dawa za matende na mabusha, na wapimaji walitaka kujua kama ugonjwa umekwisha au umejificha. Watoto 89 walionekana kuwa na maambukizi: 70 Pemba, 19 Unguja. Kwa kanuni za upimaji ule, Pemba ilitakiwa isizidi watoto 18, na Unguja isizidi 20.

Pemba ilianguka vibaya. Unguja ilifaulu, lakini wangepatikana watoto wawili zaidi nayo ingeanguka. Mwaka 2013 Serikali ya Zanzibar ikarudisha dawa katika visiwa vyote viwili, kile kilichoshindwa na kile kilichofaulu. Naamini uamuzi huo ulikuwa sahihi. Ili kuona kwa nini, inabidi kuelewa namba 18 na 20 zilitoka wapi, na kwa nini mwaka 2006 watu wenye nia njema na vipimo mkononi waliamini kwamba kazi imekwisha.

Tuanze na mnyoo mwenyewe. Matende ya mguu na busha, ambalo hospitalini huitwa ngirimaji, huletwa na mnyoo aitwaye Wuchereria bancrofti, na anayemsambaza ni mbu. Wapo watu wa pwani wanaoamini hadi leo kwamba busha hutokana na kunywa madafu. Madafu hayana kosa. Mbu akimuuma mtu mwenye maambukizi hufyonza pamoja na damu vitoto vya mnyoo, ambavyo wataalamu huviita maikrofilaria. Vitoto hivyo hukua ndani ya mbu kwa wiki mbili hivi, kisha huingia kwa mtu mwingine mbu huyo anapouma tena. Vikishaingia hukimbilia kwenye mishipa ya limfu, ile mirija inayorudisha majimaji ya mwili kwenye damu, na huko ndiko vinakokomaa. Mnyoo jike hufikia urefu wa sentimita 8 hadi 10 na wembamba wa uzi wa kushonea. Huishi miaka 6 hadi 8, na katika maisha hayo humwaga vitoto kwa mamilioni.

Kuna mambo mawili hapa yanayobeba hesabu yote inayofuata. La kwanza ni kwamba minyoo hawa hawaongezeki ndani ya mwili kama bakteria wanavyoongezeka. Kitoto kilichozaliwa mwilini mwako hakiwezi kuwa mnyoo mkubwa mpaka kipite kwa mbu kwanza, hivyo kila mnyoo mkubwa uliye naye aliletwa na mbu. Tena dume na jike lazima wakutane katika mwili uleule ndipo wazae. Minyoo wakipungua sana katika jamii, wengi wao hujikuta peke yao, hawana mwenza, na kizazi hukatika chenyewe hata kama haijapatikana dawa ya kumuua kila mmoja. Hapo ndipo matumaini yote ya kingatiba yalipojengwa: si lazima umuue mnyoo wa mwisho, bali uwapunguze mpaka washindwe kukutana.

La pili ni kwamba dawa tulizonazo huua vitoto vizuri kuliko zinavyowaua wazazi. Ivermektini na albendazoli, zikimezwa pamoja mara moja kwa mwaka, husafisha vitoto kwenye damu na kuwaacha minyoo wakubwa wengi wakiwa hai, ila uzazi wao umedhoofika. Baada ya miezi kadhaa huanza tena kuzaa. Ndiyo maana watu humezeshwa mwaka hadi mwaka: unafunga mlango wa mbu kila mwaka ukisubiri wazazi wafe kwa uzee. Mpango wa dunia wa kutokomeza matende, ulioanza mwaka 2000, ulikadiria mizunguko minne hadi sita ya ugawaji, kila mzunguko ukiwafikia angalau asilimia 65 ya watu wote wa eneo. Ukilinganisha miaka hiyo na umri wa mnyoo utaona kwamba hesabu hiyo haina nafasi ya kupoteza mwaka.

Mtu anaweza kuuliza: kama kuna shaka, kwa nini tusiendelee tu kugawa? Dawa zenyewe ni za msaada. Kampuni za dawa za Merck na iliyokuwa SmithKline Beecham ziliahidi mwaka 1998 kuzitoa bure kwa ajili ya ugonjwa huu. Lakini kidonge cha bure hakifiki kijijini bure. Kuna usafiri, semina, posho za wagawa dawa, daftari, usimamizi. Kila kidonge kinachomezwa na mtu asiyekihitaji ni kidonge ambacho hakikufika wilaya nyingine inayokihitaji. Na kuna uchovu wa watu. Unapomwambia mtu mzima asiyeumwa chochote ameze dawa mwaka wa kwanza, wa pili, wa tano na wa nane, mwishowe anaanza kuuliza maswali, na uvumi kwamba dawa hizi zinaharibu uzazi hupata pa kukaa. Imani ya watu ni akiba, na ugawaji usio na sababu huila akiba hiyo. Kwa hiyo kusimama ni lazima. Shida ni kujua wakati.

Zanzibar ilianza mwaka 2001, miongoni mwa nchi za mwanzo Afrika kugawa dawa hizi kwa wananchi wote, Unguja na Pemba kwa pamoja. Ilikuwa kazi ya mfano. Maendeleo yalipimwa katika vituo vya uangalizi, yaani maeneo machache yaliyochaguliwa ambako damu za watu zilichukuliwa tena na tena. Baada ya mizunguko mitano hakuna aliyekutwa na maikrofilaria katika vituo hivyo. Sifuri. Mwaka 2006 ugawaji ukasimamishwa.

Ile sifuri haikuwa ya uongo, ila ilikuwa sifuri ya mahali pale palipopimwa, kwa kipimo kile kilichotumika. Maikrofilaria wa huku kwetu huzunguka kwenye damu ya juu usiku tu, kati ya saa nne na saa nane hivi, wakiwasubiri mbu wanaouma saa hizo. Kumpima mtu kwa njia hiyo ni kumtoa kitandani, kumchukua damu, kuipaka kwenye kioo na kuitafuta kwa darubini. Vitoto vikiwa vichache, kitone kimoja cha damu kinaweza kukosa hata kimoja ilhali mtu anavyo. Na vituo vya uangalizi huwa na hila yake isiyokusudiwa: vikijulikana, hupata usimamizi mzuri kuliko kwingine. Watu wa pale huzoea wapimaji, humeza dawa kwa wingi, na matokeo yao hupendeza kuliko ya vijiji ambavyo hakuna aliyefika kupima.

Nyuma ya sifuri ile kulikuwa pia na mbu. Bara la Afrika lina maeneo mengi ambako matende husambazwa na mbu wa aina ya anofelesi, walewale wa malaria. Katika visiwa vya Zanzibar mwenye kazi hiyo zaidi ni kuleksi, mbu wa maji machafu, wa vyoo vya shimo na mifereji. Tofauti ya hawa wawili ni kubwa. Anofelesi ana vijimeno kooni vinavyowajeruhi vitoto vya minyoo anapovifyonza, kwa hiyo damu ikiwa na vitoto vichache, sehemu kubwa huangamia na kusambaa kunakatika kwa urahisi. Kuleksi ni kinyume chake: kadiri anavyofyonza vichache, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya hivyo vichache hufanikiwa kukua. Maana yake ni kwamba kiwango cha maambukizi ambacho kingetosha kuumaliza ugonjwa kwenye kijiji cha anofelesi, kwenye mtaa wa kuleksi kinaweza kuwa mbegu. Mtu akikutajia asilimia fulani ya maambukizi kwamba ndiyo ya kusimama, muulize kwanza: kwa mbu gani?

Unguja ilikuwa na funzo lake juu ya jambo hili hata kabla ya 2001. Mwishoni mwa miaka ya 1980, huko Makunduchi, watafiti waliwapa watu dawa ya dietilikabamazini na wakati huohuo wakamwaga chembe ndogo za polistireni kwenye vyoo vya shimo vyenye maji. Chembe zile huelea na kufunika maji, mbu hashindwi tu kutaga, hata viluwiluwi hukosa hewa. Mbu walipungua sana na maambukizi yakaendelea kushuka kwa miaka baada ya dawa kwisha. Katika mji uliolinganishwa nao, uliopewa dawa bila chembe za vyooni, vimelea vilianza kurudi polepole. Naona ajabu kwamba jambo lililoonyeshwa kwa uwazi namna hiyo, chooni kwetu wenyewe, halikupewa uzito huo wakati mipango ya vidonge ilipoandikwa.

Sasa turudi kwa wale watoto wa 2012. Kwa nini watoto, tena wa miaka sita na saba, wa darasa la kwanza na la pili? Kwa sababu damu ya mtu mzima ina historia ndefu mno. Kipimo kilichotumika hakitafuti vitoto vya minyoo bali antijeni, yaani kemikali inayotolewa na minyoo wakubwa wenyewe. Uzuri wake ni kwamba hufanya kazi hata mchana, kwa kitone cha damu ya kidoleni, na jibu husomwa baada ya dakika kumi. Ukichelewa kulisoma kadi inaweza kukudanganya. Lakini mtu wa miaka arobaini anaweza kuwa na antijeni ya mnyoo mzee aliyeingia miaka mingi nyuma na ambaye hazai tena. Jibu lake halikuambii kama mbu wa mwaka huu wana minyoo. Mtoto wa miaka sita hana historia hiyo. Watoto waliopimwa Januari 2012 walizaliwa wakati ugawaji ukielekea ukingoni au umeshakoma. Mnyoo aliyemo ndani yao aliletwa na mbu katika miaka yao hiyo michache, yaani katika miaka ambayo tuliamini kwamba kusambaa kumekatika. Ndiyo maana namba 70 ilikuwa nzito hivyo.

Na namba 18 na 20? Kanuni ambazo Shirika la Afya Duniani lilizichapisha mwaka 2011 zinasema kwamba mahali ambapo mbu wasambazaji ni kuleksi au anofelesi, maambukizi kwa watoto hawa yawe chini ya asilimia 2. Huwezi kumpima kila mtoto wa kisiwa, kwa hiyo unachukua sampuli, na sampuli ina bahati ndani yake. Kila kisiwa walipimwa watoto 1,600 hivi. Asilimia 2 ya 1,600 ni 32. Mbona basi kizingiti kikawekwa 18 au 20? Kwa sababu kisiwa chenye asilimia 2 kamili kinaweza kwa bahati tu kutoa watoto 25 au 28 kwenye sampuli, nawe ukadhani kiko salama. Kizingiti kimeshushwa makusudi mpaka hatari ya kupitisha eneo lisilostahili ibaki isiyozidi asilimia 5. Upande wa pili, eneo ambalo kweli liko kwenye asilimia 1 linapewa nafasi ya angalau asilimia 75 ya kufaulu. Kanuni imeegemea upande wa woga, na hapo nadhani wataalamu walipatia: kuendelea kugawa mwaka mmoja zaidi ni hasara ndogo kuliko kusimama mapema.

Hata hivyo kanuni hii ina tundu. Inahesabu eneo zima kwa pamoja, na eneo moja la tathmini, yaani la upimaji kama ule wa 2012, linaruhusiwa kuwa na watu hadi milioni mbili. Minyoo hawasambai kama chumvi kwenye mchuzi. Mwaka 2012, katika visiwa vyote viwili, watoto wenye maambukizi hawakutawanyika sawasawa: skuli nyingine hazikuwa na hata mmoja, na nyingine zilikuwa nao kwa mkupuo. Wastani wa kisiwa unaweza kuwa mdogo wakati kijiji kimoja kinaungua. Kwa Unguja, 19 ilikuwa chini ya mstari, lakini ilikuwa ni wastani unaoficha skuli zenye hali mbaya, katika kisiwa cha kuleksi, ambako tafiti za nyuma zilikuwa zimeshaonyesha dalili za kusambaa muda mfupi baada ya 2006, jirani na kisiwa kilichoanguka, na boti zinakwenda na kurudi kila siku. Kuirudisha Unguja kwenye dawa pamoja na Pemba ni kukubali kwamba kizingiti ni msaada wa kuamua, na anayeamua bado ni mtu anayeijua nchi yake.

Si Zanzibar peke yake iliyopita hapa. Samoa ya Marekani, visiwa vya Pasifiki, iligawa dawa mizunguko saba kati ya 2000 na 2006, ikafaulu tathmini ya 2011, ikafaulu ya 2015, kisha ikaanguka katika ya 2016. Ndiyo sababu tathmini haifanywi mara moja. Ya kwanza hufanywa angalau miezi sita baada ya mzunguko wa mwisho. Ikifaulu, dawa zinasimama. Kisha inarudiwa mara mbili zaidi, kila baada ya miaka miwili au mitatu. Huko Sri Lanka, ambako kuleksi ndiye msambazaji, watafiti walikamata mbu, wakawasaga mafungu kwa mafungu na kutafuta vinasaba vya mnyoo ndani yao. Waliona dalili za maambukizi katika sehemu ambazo watoto wa skuli walikuwa wamefaulu. Mbu humuuma kila mtu, hata yule ambaye hakuwepo skuli siku ya upimaji, kwa hiyo mbu anajua mengi.

Lakini pia nisiifanye picha iwe nyeusi kupita ilivyo. Togo ilithibitishwa mwaka 2017 kuwa imeutokomeza ugonjwa huu kama tatizo la afya ya jamii, ikiwa ya kwanza kusini mwa Sahara, na Malawi, jirani zetu, ikafuata mwaka 2020. Inawezekana.

Palipokwama mara nyingi pana watu ambao hawajawahi kumeza hata mara moja. Asilimia 65 inaweza kuwa na maana mbili tofauti kabisa. Kama kila mwaka wanaokosa ni watu wapya, ndani ya miaka mitano karibu kila mtu atakuwa amemeza angalau mara mbili tatu. Kama wanaokosa ni walewale kila mwaka, wavuvi wanaokuwa dago, yaani kwenye kambi za uvuvi, msimu wa ugawaji, vijana wa mjini wasiokutwa nyumbani, wanaume wenye hofu ya uzazi, basi kuna kundi ambalo minyoo yake haijaguswa tangu mwaka wa kwanza, na ripoti ya wilaya itasomeka vizuri vilevile. Tena kidonge kilichopokelewa na kidonge kilichomezwa huandikwa kwa mstari uleule katika daftari. Kama ningepewa nafasi ya kuongeza swali moja katika kila tathmini ya kusimama, ningeuliza hilo: nani hajawahi kumeza, na anaishi wapi?

Kusimama kunagusa pia magonjwa ambayo hayakuwa kwenye mpango. Ivermektini huua wadudu wa upele, na katika miaka ya ugawaji visa vya upele vilivyoonekana kwenye vituo vya afya vya Zanzibar vilishuka sana. Albendazoli huua safura na minyoo mingine ya tumbo. Dawa za matende zikikoma, watoto wa skuli wanatakiwa waendelee kupata dawa za minyoo kwa mpango mwingine, na mpango huo uwe tayari kabla ya mlango wa kwanza kufungwa. Katika wilaya za Tanzania Bara zenye usubi, ugonjwa mwingine wa minyoo unaotibiwa kwa ivermektini, jambo linabadilika kabisa. Mnyoo wa usubi huishi miaka 10 hadi 15, na huko kwenye milima ya Mahenge maambukizi yalikuwa bado yapo baada ya takriban miongo miwili ya ivermektini. Wilaya kama hiyo inaweza kufaulu tathmini ya matende, albendazoli ikaondolewa, na ivermektini ikaendelea kama kawaida. Jaribu kumweleza hilo mama aliyesikia redioni kwamba matende yamekwisha na bado mgawa dawa anabisha hodi. Kazi ya kumweleza hupangiwa fedha kidogo, nayo ni nusu ya uamuzi wenyewe.

Tathmini inahesabu watoto wa miaka sita, na ni haki, kwa kuwa inatafuta maambukizi mapya. Mzee ambaye mguu wake ulivimba miaka ya 1990 hayumo katika hesabu hiyo, na kingatiba haikuwahi kumrudishia mguu. Nchi inapotaka kuthibitishwa inatakiwa ionyeshe pia kwamba watu hawa wanahudumiwa: mguu kuoshwa kila siku kwa maji na sabuni, kukaushwa hadi katikati ya vidole, kuinuliwa anapopumzika, vidonda kutibiwa mapema kabla homa haijapanda, na mwenye busha afanyiwe upasuaji, ambao humrudisha kazini. Hiyo ni huduma ya miaka mingi baada ya mgawa dawa kufunga daftari lake, na katika shehia nyingi mtu anayewajua wagonjwa hawa nyumba kwa nyumba ni huyohuyo mgawa dawa.